Mwaka wa Kutembelea Mama za Watu

Maman Zaina tulimzika Ijumaa baada ya swala, na kufikia Jumatatu watoto wake walikuwa wameanza kubishana juu ya vyerehani. Sikuwashangaa. Nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki, Mkristo peke yangu katikati ya wanawake wa Kiislamu wa Kamembe waliokuwa wakisugua masufuria, nikimsikiliza mtoto mkubwa akisema viuzwe na mdogo akisema visiguswe. Mwishowe kelele zao zilinichosha, nikainuka nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Nilikipanga chumba kile nilipokuwa msichana, na tangu nihame sikuwa nimekanyaga ndani yake. Sasa kina magunia ya makaa, baiskeli isiyo na magurudumu na katoni za vitambaa vilivyotafunwa na panya. Dirisha ni lilelile dogo, linatazama ukuta wa jirani. Nikasimama pale nikalia kwa sauti, na wanawake wa uani wakadhani namlilia Maman Zaina. Nilikuwa namlilia yeye, kweli, lakini si yeye peke yake.

Habari za nilikozaliwa, na jinsi tulivyovuka mto Ruzizi kutoka Kongo kurudi upande huu wa Rwanda, nitaziacha. Kila nyumba ya hapa inazo na zinachosha. Nianze na chumba. Kilikuwa na kitanda, meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba, na ukuta wa mbao nyembamba uliokitenga na duka la ushonaji la Maman Zaina. Kupitia ukuta ule nilisikia maisha ya mji mzima: bibi arusi aliyenenepa kabla gauni halijakamilika, mume aliyelala Bukavu, ng'ambo ya mto, akadai mpaka ulifungwa mapema, na mke wake, aliyekuja kupimwa kitenge siku iliyofuata, akijua vizuri kwamba haukufungwa. Mchana Maman Zaina alikuwa akigonga ukuta kwa mkasi, maana yake chakula kiko tayari. Tulikula sahani moja, bugali wa muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga, mboga ya lengalenga iliyotiwa mawese, naye akila huku pini zimechomekwa kifuani mwake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye mdomo, na alinipenda bila kunieleza sababu. Kila siku aliniuliza swali moja, kama nimepata kazi au bado nacheza na simu.

Sikuwa nacheza. Mwaka ule niliapa kwamba sitaajiriwa na mtu. Nilikuwa nimemsikia kijana mmoja mtandaoni, mwenye Kiswahili laini cha mbali, akisema mbele ya gari ambalo nadhani halikuwa lake kwamba kosa la maskini ni kuuza kitu mara moja. Uza kitu ambacho mtu atalipia kila mwezi, alisema, malipo yajikate yenyewe, asipate nafasi ya kukumbuka kwamba analipa, na pesa itaingia ukiwa umelala. Nilimwamini. Nilianza na masomo ya Kinyarwanda kwa wageni wa mashirika. Walijaa mwezi wa bure, na mwezi wa bure ulipokwisha wakaisha nao. Nikajaribu kutuma sala za asubuhi kwa sauti yangu, mchungaji mmoja wa mtaa akanitangaza kwamba nauza neno la Mungu. Nikafungua kundi la mapishi ya nyumbani, sombe ya majani ya muhogo na mengineyo, kwa watu wetu walio Ulaya na Amerika, wanawake wakaingia kwa furaha, kisha wakaanza kufundishana wenyewe vizuri kuliko mimi, huku mimi nikinunua megabaiti za kuwatazama wakifundishana. Nilikuwa na hasira mwaka ule ambazo sijawahi kuwa nazo tena, hasira za mtu anayefanya kila alichoambiwa.

Faustin aliingia kwenye kundi la mapishi kwa makosa, au kwa upweke tu. Alikuwa Kanada, katika mji mdogo wenye jina ambalo sikuweza kulitamka, anakata nyama ya nguruwe usiku kwenye kiwanda, analala mchana, na anasubiri siku ya kuitwa na kusikilizwa ili apewe karatasi za kukaa. Hayo niliyajua baadaye. Ujumbe wake wa kwanza nilikasirika nilipousikia. "Madame, sombe najua kupika," alisema, "miye sina shida ya sombe. Uko Kamembe kweli? Unaweza kufika Bweyeye? Mama yangu eko kule, na rezo ya simu hakuna. Banakuwa bananiambia eko muzima, lakini banasema tu. Nenda umuone na macho yako, umuchukue video, na nitakulipa kila mwezi vile bantu banalipiaka televisheni." Nilikaa na ile simu mkononi. Kumbe kitu cha kuuza kila mwezi kilikuwepo, na hakuna kijana mbele ya gari ambaye angenifundisha.

Bweyeye iko mbali hata kwetu sisi wa wilaya ya Rusizi. Basi la Kigali lilinishusha katikati ya msitu wa Nyungwe, kwenye njia panda, nikachukua pikipiki, ambayo hapa tunaiita moto, mpaka dereva aliposema tope limemshinda, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Mama Verediana alinitazama kutoka kwenye kibaraza chake bila kusimama. Alikuwa mwembamba, mrefu, ameishi Bukavu miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kadutu, cha kugombana. Nilipomweleza nimetumwa na mwanawe nimpige video, akakataa kusema neno kwa simu mpaka mgeni ale. Akaleta viazi vitamu, maharage na parachichi, akakaa ananihesabia matonge. Ndipo nikamwekea simu mbele. "Nimuangalie wapi? Kwa hiki kijicho?" akauliza, akiinama mpaka pua ikajaza kioo. Kisha akamfokea mwanawe kwa upendo mtupu. "Faustin, miye niko muzima. Unakula? Usitembee na viatu vyenye maji. Na uache kulala muchana, utakuwa mugonjwa." Nyuma yake maharage yalikuwa yamepanda juu ya miti yake, yana maua meupe, na jirani alipita akasalimia. Mwishowe akanigeukia kwa wasiwasi: "Basi funga, nisimalizie mutoto pesa." Alidhani kila neno lake linamkata Faustin mfukoni, na kila mwezi nilimweleza sivyo, na kila mwezi hakuniamini.

Faustin aliitazama video ile. Kisha akawaambia wenzake, na wenzake wakanitafuta. Binti mmoja Ubelgiji alikuwa na baba Mibirizi, juu kidogo ya misheni. Ndugu wawili Australia walikuwa na mzee wao katika sekta ya Butare, ile ya hapahapa Rusizi, mzee aliyetaka kurekodiwa akiwa na kofia tu. Sikupata utajiri, lakini tarehe moja ya kila mwezi simu ilikuwa inatoa mlio mfupi, malipo yamejikata, mlio mwingine tena, na nilimlipa Maman Zaina kodi kabla hajaidai. Nilitembea vilima. Nilijifunza kwamba wazee wote wanasema mambo matatu, niko mzima, unakula, utakuja lini, na kwamba wakati simu imezimwa wanasema mengine: mguu unaovimba, jirani aliyesogeza mpaka, usingizi usiokuja. "Usimuambie," walikuwa wakinisihi, na mimi sikuwaambia watoto yale ya mguu, kwa sababu mtoto alinilipa kuona na mzee alikuwa na haki ya kuficha. Nililiona hilo kuwa sawa. Bado naliona hivyo.

Maman Zaina hakuielewa biashara yangu, au aliielewa kuliko mimi. "Espe, mutoto wangu," aliniambia siku moja tukila, "miye nikishona kanzu, muntu anaondoka na kanzu. Weye muntu anaondokaka na nini?"

"Anaondoka amemuona mama yake, Maman."

"Ee! Basi unauzaka mama za bantu." Akacheka mpaka pini zikamdondoka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuziokota moja moja kwenye sakafu. "Na siku mama ataisha, utauza nini?"

Nilimjibu kitu cha kijinga, kwamba wazee hawaishi. Nilikuwa na umri ambao mtu anaweza kusema hivyo na kuendelea kula.

Kiangazi kilipoanza, Mama Verediana alikuwa anakohoa. Hakutaka kikohozi kisikike, kwa hiyo tulirekodi vipande vifupi, akikohoa katikati na mimi nikisubiri. Mwezi uliofuata malipo ya Faustin yaliingia tarehe moja kama kawaida, nami nikapanda basi. Nilipomaliza kupanda njia ya mwisho niliona wanaume wamekaa kwenye mabenchi uani kwake, asubuhi ya siku ya kazi, na hakuna hata mmoja mwenye jembe. Kwetu siku za matanga mtu hagusi udongo. Hakuna aliyeniita kwa sauti. Mwanamke mmoja akanisogezea nafasi kwenye mkeka, na nikajua kabla sijakaa. Walikuwa wamemzika juzi yake. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo bado una alama za viatu, na miti ya maharage ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani kusubiri mvua za msimu ujao. Nilisimama pale na simu mkononi kwa mazoea, nikaona aibu, nikaitia mfukoni.

Kaka wa marehemu, Mzee Anastase, aliniita ndani. Ndani ya chumba kile ambamo nilikuwa nikila viazi walikaa wazee wa ukoo, na kikombe cha bia ya mtama kilizunguka taratibu. Mzee Anastase alikuwa mtu wa sauti ya chini, macho mekundu, kofia juu ya goti. Alisema Faustin hajui, na asijue kwanza. "Kwetu muntu habebeshwi msiba peke yake," alisema. "Unatafuta bantu, wawili ao watatu, banaenda banakaa naye, ndiyo banasema. Pale Faustin anaishi, nani ataenda kukaa naye? Anatoka kazini, anaingia chumbani, anafunga mulango. Tukimuambia kwa simu, ni sawa tumemuua." Wazee wakaitikia. Kisha akaongeza la pili. Faustin alikuwa amepangiwa siku ya kusikilizwa, mwisho wa mwezi uleule. "Bazungu batamuuliza maswali siku moja tu. Akienda pale akili yake iko kwa kaburi, atajibu nini? Bakimukatalia, anarudi kwa nani? Mama hayuko tena."

Hata leo nikiwa mtu mzima, nikiwa nimezika wangu, sijapata la kumjibu mzee yule. Tuliafikiana hivi: mimi sitasema chochote, lakini sitatuma chochote pia, na nitatafuta kati ya wateja wangu mtu aliye karibu na Faustin, mtu wa kwetu, aende akae naye. Mzee Anastase akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilirudi Kamembe, na njiani ndipo nilipokumbuka kwamba kuna mtu ameshalipa mwezi mzima kumuona mtu aliye chini ya udongo. Yule kijana wa mbele ya gari alikuwa amesema kweli: malipo yanajikata yenyewe.

Siku zile zilikuwa mbaya. Faustin alianza kwa upole. "Espe, umesharudi? Njia ilikuwa mubaya?" Halafu, "Mama amesema nini?" Halafu akaacha kuandika, akawa anapiga tu. Simu ilikuwa ikitetemeka juu ya meza yangu, mguu ule wa kamba ukitetemeka nao, na upande wa pili wa ukuta cherehani ya Maman Zaina ikisimama kila simu inapolia na kuendelea inaponyamaza. Mimi nilikuwa nimeuza jambo moja tu, kwamba sitakosa. Mvua, tope, homa, sikuwahi kukosa. Sasa kukosa kwangu kulikuwa kunamwambia kila kitu polepole, na sikuwa na njia ya kukosa bila kusema. Nilimpata hatimaye mwanamke mmoja, dada wa mteja wangu, anayeishi masaa machache kwa gari kutoka mji wa Faustin. Alilia alipoelezwa. Alisema Jumapili hana kazi, atapika, ataenda na mumewe, watakaa naye. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaenda dukani kumwambia Maman Zaina.

"Kwetu Waislamu tunamuambiaka muntu siku ileile, aombe dua," alisema bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Lakini hata siye hatumuambii akiwa peke yake. Vizuri. Ngoja Jumapili."

Mzee Anastase hakuingoja. Alikuja Kamembe katikati ya juma, akakaa kwenye benchi la wateja, kati ya mwanamke aliyekuja kupimwa na rundo la sare za shule, vumbi la msitu bado liko kwenye suruali. Faustin alikuwa amempigia yeye pia, kila mzee alipofika penye rezo, na mzee alikuwa hawezi tena kuvumilia. Alinitaka nichukue video ya zamani, yoyote, niitume. "Moja tu, mutoto wangu. Alale." Nilikataa. Alinisihi, nikakataa tena. Nilimwambia kuna watu wanaenda Jumapili. Alisema Jumapili ni mbali kwa mtu asiyelala. Akavaa kofia akatoka. Kwenye simu yake mwenyewe alikuwa na video niliyoitia humo miezi ile ya mwanzo, kwa sababu Mama Verediana alipenda kujitazama, na fundi wa simu pale sokoni alimsaidia kuituma kwa pesa kidogo.

Ilikuwa ile ya kwanza. Mama Verediana anainama mpaka pua inajaza kioo, anafoka, na nyuma yake maharage yana maua meupe. Mzee Anastase alikuwa amelima maisha yake yote. Angekuwa wa kwanza kumcheka mtu anayesema kuna maharage yenye maua katikati ya kiangazi. Lakini hakuyaona, na mimi najua kwa nini hakuyaona: alikuwa anaangalia uso wa dada yake. Faustin naye aliangalia uso kwanza, nadhani, kisha akaangalia shamba, maana na yeye ni mtoto wa Bweyeye. Alinipigia. Nilipokea, kwa sababu siku ile nilishindwa kutopokea. Hakunisalimu. "Mjomba amenitumia mama," alisema. "Nyuma yake maharage yanatoa maua. Kiangazi hiki, Espe? Maharage ya nani hayo?"

Hapo nitasimama kidogo, niseme kwanza yaliyofuata, kwa sababu sitaki kumalizia nayo. Yule mwanamke na mumewe walienda Jumapili na chakula chao, wakamkuta Faustin amenyoa kichwa, amekaa sakafuni. Walikaa naye walivyoweza, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Siku ya kusikilizwa alienda. Walipomuuliza habari za familia yake alisimama, akaomba radhi, akatoka nje, na hakurudi ndani. Walimkatalia. Baada ya hapo alihama mji, kisha mwingine, akifanya kazi zisizohitaji karatasi, na nambari yake ikafa. Sijui leo yuko wapi, au kama yuko. Kule Bweyeye Mzee Anastase alisema mbele ya watu, baada ya misa, kwamba msichana wa Kamembe anaua watu kwa simu, na maneno yana miguu mizuri kuliko yangu kwenye vilima vile. Sikumchukia. Alikuwa na haja ya kumlaumu mtu, na mtu mwingine aliyekuwepo alikuwa yeye mwenyewe.

Biashara ilikufa, lakini si kwa sababu ya maneno yake tu. Yule mzee wa Butare alinifungia mlango kwa adabu, kofia kichwani. "Mutoto wangu, usikuye tena," aliniambia. "Sasa weye siku utakosa kukuya, batoto bangu batasema nimekufa. Nataka nife kimya." Binti wa Ubelgiji naye alijitoa. Aliniandikia kwamba ananishukuru, lakini tangu asikie habari za Faustin, kila tarehe moja anaamka anatetemeka mpaka video iingie, na hawezi kuendelea kulipia kutetemeka. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi, nikiwa nimekasirika, kisha nikiwa nimechoka. Nilidhani nawauzia utulivu wa kila mwezi. Nilikuwa nimewauzia hofu yenye tarehe. Sasa nauza vitenge sokoni, pesa ya siku, mtu analipa anaondoka na kitambaa chake, na vijana wakija kuniuliza habari za kupata kipato cha kila mwezi mtandaoni, kwa kuwa wamesikia kwamba zamani nilikuwa nacho, ninawaambia kinawezekana. Siwadanganyi, kinawezekana. Wengine husubiri niseme kwamba najuta. Sijui. Nikilipanga upya jambo lile kichwani, kila mtu nampa nafasi yake, mzee, mtoto, mimi, na kila mara linaishia palepale.

Basi nirudi kwenye simu. Ilikuwa mchana kwetu, alfajiri kwake, ametoka kazini. Nilikuwa na bugali mkononi. Aliuliza maharage ya nani, kisha akauliza tena kwa sauti ambayo sikuijua. "Espe. Weye nakulipaka kila mwezi. Hujawahi kunidanganya. Mama eko wapi?" Upande wa pili wa ukuta cherehani ilisimama. Mlango ukafunguliwa, Maman Zaina akaingia na sentimita yake ya kupimia shingoni, akaja akakaa kitandani kwangu, karibu kabisa, bega lake likigusa langu. Niliona midomo yake ikisoma dua.

Nilitaka kumwambia Faustin asubiri Jumapili. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo, kwamba kuna watu wanakuja kukusalimia, kwamba tutaongea. Lakini kilichonitoka kinywani ni kile kinachomtoka mtu yeyote aliyelelewa huku anapobeba habari kama ile, kabla hajafikiri.

"Faustin," nikasema, "uko na nani pale?"

Kwetu swali hilo haliulizwi kwa sauti ile ila kwa sababu moja. Linaulizwa mlangoni, na watu waliokuja wawili au watatu, na anayeulizwa huwa ameshajua, lakini angalau wapo wa kumdaka. Nilisikia kiti kikivutwa kule alikokuwa. Nikasikia zipu ya koti, juu, chini, juu tena, mikono yake ikitafuta cha kufanya. Nikasikia gari likipita nje ya dirisha lake na kwenda zake.

"Hakuna muntu," akasema. Halafu, polepole, kama anayepata jibu la swali gumu: "Niko na weye."

Nikamwambia. Nilisema jina la mama yake lote, nikasema siku, nikasema amezikwa vizuri, kwamba watu walijaa uani mpaka njiani. Alilia kama wanaume wetu wanavyolia, kwa kujizuia kwanza, kisha bila kujizuia. Nikadhani labda anataka kubaki na msiba wake bila sikio la mtu wa kulipwa. Nikasema, "Faustin, nikuache kidogo?"

"Usikate," akasema. "Espe, tafazali, usikate. Mwezi huu nimeshalipa."

Sikukata.